Hawajaiona Bado

Mwaka jana tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, mimi na vijana wa kikundi chetu hapa Kuluva, nikawasomea habari niliyokuwa nimeinakili kwenye daftari kutoka kwenye simu. Ilikuwa habari ya wanasayansi wa Marekani waliochukua kilo 17 za tantali, yaani yale madini yanayotolewa ndani ya koltani, wakaifungia chini ya mlima karibu mwaka mzima. Walikuwa wanangoja kuona kama atomu zake za aina moja zitavunjika. Nilipofika mwisho, kijana mmoja wa Masisi akaniuliza, "Dada, sasa walipata nini?" Nikamjibu kwamba hawakupata. Hawakuiona hata moja.

Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Kilo kumi na saba! Kwetu watu wanauana kwa kilo moja, hao wanaiweka tu na kuitazama." Na mimi nilicheka, siwezi kudanganya. Lakini usiku sikulala vizuri. Nilijua kuna jibu kwa swali la yule kijana na nilikuwa nimeshindwa kulitoa. Mimi si mwanasayansi, nimeishia S.4, ila fizikia ndo somo nililolipenda. Basi nimeliandika jibu hapa. Ni refu kidogo, na linapita hapa hapa Kuluva kabla ya kwenda mbali.

Tuanze na kuvunjika kwenyewe. Mwaka 1896, mjini Paris, Henri Becquerel aliona kwamba chumvi ya urani inaacha alama kwenye bamba la kupigia picha hata ikiwa imefungiwa gizani, bila jua wala moto. Mwaka 1902, huko Montreal, Kanada, Ernest Rutherford na Frederick Soddy walieleza maana yake: atomu zenyewe zinavunjika, kitu kimoja kinageuka kuwa kingine, na kila atomu ikivunjika inarusha chembe au mwali. Watu walikuwa wameamini kwamba atomu ni kitu cha milele. Kumbe nyingine zina mwisho.

Ila mwisho wake si kama wetu. Hapa ndipo mwalimu wetu alitupotezea darasa lote, kwa hiyo nitajaribu kwa namna yangu. Atomu haizeeki. Atomu ya urani iliyokaa ardhini miaka bilioni 4 haijachoka, haina mvi, na nafasi yake ya kuvunjika leo ni ile ile iliyokuwa nayo siku ya kwanza. Chukua sarafu 1,000 za shilingi 500. Kila asubuhi uzirushe zote, na zile zinazoangukia upande wa korongo uziondoe. Siku ya kwanza utabaki na kama 500, ya pili 250, ya tatu 125. Huwezi kujua sarafu gani itaondoka lini, lakini kundi zima unalijua vizuri sana. Huo muda wa nusu kuondoka ndio wanaouita nusu-maisha. Kuna atomu ambazo nusu-maisha yake ni sekunde, na nyingine ni mabilioni ya miaka.

Kwa hiyo ukitaka kujua nusu-maisha ya kitu kinachovunjika mara chache sana, una njia mbili. Ukae na atomu chache na ungoje miaka mingi kuliko dunia itakavyokuwepo, au ukusanye atomu nyingi mno na uzitazame kwa muda ambao mtu anaweza kuishi. Njia ya kwanza haiwezekani. Ya pili inawezekana, mradi uwe na macho ya kuona moja kati ya mabilioni ya mabilioni.

Hesabu hiyo, wewe msomaji wa Arua, si ngeni hapa. Imeshafanyika Kuluva, ila haikuwa kwa atomu.

Hospitali ya Kuluva ilianzishwa na ndugu wawili Waingereza, madaktari wamisionari, Ted Williams na Peter Williams. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alikuwa ameandika juu ya uvimbe wa taya unaowashika watoto wa Afrika. Mwaka 1961 Burkitt, Ted Williams na mwenzao Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari moja kuukuu, wakazunguka wiki kumi, maili 10,000 hivi, hospitali hadi hospitali mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza swali moja tu: mnauona ugonjwa huu, au hamuuoni? Ona kwamba jibu la "hatuuoni" waliliandika pia. Ramani ya ugonjwa ilitokana na majibu yote mawili, na ndiyo iliyowaonyesha kwamba uvimbe unafuata joto na mvua, na haupo kwenye nyanda za juu zenye baridi. Na Williams aliporudi Kuluva aliendelea kuandika kila mtoto wa West Nile aliyeletwa na uvimbe ule, alitoka kijiji gani, uvimbe ulianza lini.

Mwaka 1964 kirusi kimoja kilionekana Uingereza katika seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda, kile cha Epstein na Barr. Nadharia ikawa kwamba kirusi ndicho kinachohusika. Utaipimaje? Ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Ukisubiri mtoto augue ndipo umtoe damu, hujui kama kirusi kilitangulia au kilifuata. Basi shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, likaja West Nile, na kati ya 1972 na 1974 wakatoa damu watoto wazima 42,000. Wakaihifadhi. Wakangoja. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1978, watoto waliougua huku damu yao ya zamani ikiwepo walikuwa 14. Kumi na wanne kati ya elfu arobaini na mbili! Damu yao ilionyesha kwamba mwili wao ulipambana na kirusi kile kwa nguvu kuliko wenzao, muda mrefu kabla uvimbe haujatokea.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Kilugbara, anasema alikuwa mmoja wa wale watoto. Anakumbuka kwamba alilia, na kwamba hakuna aliyerudi kumwambia kitu. "Sikuugua," aliniambia, "kwa hiyo mimi sikuwa na maana kwao." Nikamwambia, Mzee, hapana, hesabu isingesimama bila wewe. Wale 14 peke yao hawaelezi chochote. Ni 41,986 waliobaki wanaowapa maana. Alinitazama kwa muda, halafu akaniambia kwamba Amin alipoanguka mwaka 1979, na jeshi jipya lilipoingia West Nile, yeye na mama yake walikimbilia Zaire, upande wa Aru. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili anachoongea na mimi. Yaani alikuwa mkimbizi kwetu, na sasa mimi ni mkimbizi kwao.

Haya, turudi kwenye atomu.

Katika siku za mwanzo walizihesabu hata kwa macho. Manchester, mwaka 1909, Hans Geiger na kijana Ernest Marsden walikaa kwenye chumba cha giza mpaka macho yazoee, halafu wakachungulia kioo kidogo kilichopakwa dawa, wakihesabu vimulimuli. Kila kimulimuli ni chembe moja iliyogonga. Ukipepesa jicho umeipoteza. Baadaye Geiger akatengeneza chombo cha kuhesabu badala ya jicho, na tangu hapo kazi hii imekuwa ya kutengeneza masikio makali zaidi na nyumba zenye ukimya zaidi.

Na Kongo iliingia humo mapema kuliko wengi wetu tunavyofundishwa. Mwaka 1915 urani iligunduliwa Shinkolobwe, Katanga, na ilikuwa tajiri kuliko yote iliyokuwa ikijulikana. Kuanzia 1922 Wabelgiji wakawa wanaisafirisha hadi Olen, kwao, na kutoa radi, ile iliyotafutwa na mahospitali na maabara za dunia nzima. Bei ikaanguka, viwanda vya Marekani vikafunga. Halafu ikaja vita na bomu, na sehemu kubwa ya urani yake ilitoka shimo lile lile. Habari ya Shinkolobwe inataka makala yake, kwa hiyo naiacha hapo.

Sasa yule kijana wa Masisi aliuliza walipata nini. Kabla sijafika kwenye tantali, acha nimpe mfano wa "hatukuona" iliyoua nadharia nzima.

Mwaka 1974 Howard Georgi na Sheldon Glashow, wa Marekani, walitoa nadharia nzuri sana ya kuunganisha nguvu tatu za maumbile kuwa moja. Waliomaliza kuisoma waliipenda. Lakini ilikuwa na sharti: protoni, chembe iliyomo ndani ya kila atomu, ndani yako na ndani ya mwembe, nayo lazima ivunjike siku moja, japo baada ya muda usiosemeka. Basi watu wakajaza maelfu ya tani za maji safi kwenye mgodi wa chumvi kule Ohio, wakaweka macho ya umeme pande zote, wakangoja. Maji yana protoni nyingi mno, kwa hiyo kama nadharia ilikuwa kweli, baada ya muda mfupi wangeziona kadhaa. Miaka ya 1980 ikapita, hawakuona. Nadharia ile, katika umbo lake la kwanza, ikafa. Haikuuawa na mtu aliyeona kitu. Iliuawa na watu waliotazama vya kutosha wasione. Wajapani nao wana tangi la tani 50,000, na mpaka leo protoni haijawaonyesha kitu.

Wakati mwingine kitu kinaonekana, na hapo hesabu ndiyo inayopimwa. CERN, Geneva, wana chembe inayoitwa kaoni. Nadharia ya sasa inasema kwamba katika kaoni bilioni 100, kama 8 zitavunjika kwa namna fulani ya pekee sana, zikiacha chembe moja inayoonekana na mbili zisizoonekana. Mwezi wa tisa mwaka 2024 walitangaza kwamba wameiona, na hesabu yao ni kama 13. Nane na kumi na tatu, je, ni tofauti au ni bahati ya sarafu? Bado ni mapema kusema, wanaendelea kuhesabu. Ikibaki 13 wakati makosa ya kipimo yanapungua, basi kuna kitu kinapita pale ambacho hakimo kwenye vitabu.

Tantali, basi. Iligunduliwa mwaka 1802 na Msweden Anders Ekeberg. Aliipa jina la Tantalo, mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji yaliyomfika kidevuni huku akiwa na kiu. Kila akiinama anywe, maji yanashuka. Ekeberg alichagua jina hilo kwa sababu madini haya unaweza kuyatumbukiza kwenye asidi yasinywe chochote. Ndiyo maana yanafaa kwenye simu na kompyuta: hayaliki, na yanashika umeme mwingi mahali padogo.

Karibu tantali yote ya dunia ni ya aina moja, yenye uzito wa 181. Lakini mwaka 1955 ikaonekana kwamba katika kila atomu 100,000 kuna kama 12 zenye uzito wa 180. Na hizo ni za ajabu. Tantali 180 ya kawaida haidumu, nusu-maisha yake ni saa nane tu na kitu. Hii inayochimbwa ni ile ile, ila kiini chake kimeamshwa, kiko juu ya ngazi moja ya nishati, na kule juu kimekwama. Ingekuwa kawaida kingeshuka mara moja. Tatizo ni mzunguko. Kiini huzunguka, na mzunguko wake una hesabu: juu ni 9, chini ni 1. Kushuka ni lazima kutupa mzunguko mwingi wote kwa pigo moja huku nishati ya kufanya hivyo ni ndogo sana. Ni kama mtu aliye juu ya paa na ngazi imeondolewa. Chini anapaona, hapafiki. Kwa hiyo atomu ambayo ingekufa kabla ya jioni imekaa hivyo tangu kabla dunia haijakuwepo. Hata namna ilivyoumbwa kwenye nyota bado wanabishana.

Nadharia inasema haiwezi kukaa pale milele. Ama itashuka, ama itageuka kuwa wolframu au hafni. Lini? Hapo nadharia zinatofautiana, na ndiyo maana ya kuipima. Tena wapo wanaofikiri kwamba mada ya giza, ile iliyojaa mbinguni bila kuonekana, inaweza kuigonga ikashuka. Atomu iliyokwama muda mrefu namna hii ni mtego mzuri.

Waliotangulia kuisikiliza kwa bidii walikuwa kwenye maabara iliyo mita 225 chini ya ardhi huko Mol, Ubelgiji. Mol, kama ukitazama ramani, si mbali na Olen, kule ilikopelekwa mizigo ya Shinkolobwe. Sijui kwa nini jambo hilo lilinichoma kidogo. Mwaka 2017 walitoa jibu: hatukuiona, kwa hiyo nusu-maisha yake ni zaidi ya miaka 45,000,000,000,000,000.

Halafu ikaja zamu ya Homestake. Huu ni mgodi wa zamani wa dhahabu mjini Lead, South Dakota, Marekani, na kwa watu wa fizikia ni mahali maarufu. Miaka ya 1960 Ray Davis aliweka humo tangi la lita 380,000 za dawa ya kufulia suti bila maji, ili akamate nyutrino kutoka kwenye jua. Kwa karibu miaka 30 alikamata kama 2,000 tu, theluthi moja ya zile nadharia ilizotaka. Watu walimwambia amekosea kuhesabu. Hakuwa amekosea. Nyutrino hubadilika njiani, na chombo chake kilikuwa na macho ya kuona aina moja. Alipewa Nobel mwaka 2002, akiwa mzee wa miaka 88.

Kuna jambo moja juu ya mlima huo ambalo makala za fizikia hazikunipa, nikalikuta kwingine. Ni nchi ya Walakota. Mkataba wa 1868 ulisema itabaki yao. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana, mwaka 1877 serikali ikaichukua. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema walipwe fidia, na Walakota wakakataa pesa, wakasema wanataka milima yao. Pesa hiyo hawajaichukua mpaka leo. Niliwasimulia vijana wetu hilo na hapo hakuna aliyecheka.

Basi ndani ya mgodi ule, karibu kilomita moja na nusu kwenda chini, kulikuwa na chombo kilichoitwa Majorana. Kilijengwa kwa kazi nyingine, ya kutafuta namna nyingine ya kuvunjika kwa atomu za germani, na kazi hiyo ilipokwisha wakakiingizia tantali: vipande vya duara vyenye uzito wa kilo 17 na kitu. Kwa nini chini hivyo? Kwa sababu huku juu kuna kelele. Miale kutoka mbinguni inatupita kila sekunde. Mawe yana urani kidogo. Ndizi ina potasi inayovunjika, na mimi na wewe pia tunavunjika kidogo kidogo tukiwa tumekaa hapa. Kusikia atomu moja ya tantali katikati ya hayo ni kama kusikiliza mtoto anayepumua ndani ya soko la Arua siku ya Jumamosi. Kwa hiyo unakwenda chini, mwamba uzuie miale. Unazungushia risasi, halafu shaba. Na shaba yenyewe hawakuinunua dukani: sehemu kubwa waliikuza wenyewe, kule kule chini, taratibu kwa umeme, maana shaba inayokaa juu ya ardhi hupigwa na miale ya mbinguni na kuanza kutoa mionzi yake. Nilipenda sana hapo. Watu waliamua kwamba hata chombo cha kusikilizia kinaweza kupiga kelele.

Katika kilo 17 zile, tantali 180 yenyewe ilikuwa kama gramu 2. Gramu mbili, kijiko cha chai hakijai. Lakini ndani yake kuna atomu elfu saba za milioni za milioni za milioni. Wakazitazama karibu mwaka mzima, na mwishoni mwa 2023 wakachapisha: hatukuona hata moja, na kwa namna tulivyotazama, nusu-maisha yake haiwezi kuwa chini ya miaka 290,000,000,000,000,000. Ulimwengu wote, tangu ulipoanza, una miaka bilioni 13.8. Hiyo ni mara milioni 20 zaidi.

Hilo ndilo jibu nililopaswa kutoa chini ya mwembe. Hawakuandika "haivunjiki". Hawakuandika "hakuna". Waliandika wametazama ngapi, kwa muda gani, kwa macho makali kiasi gani, na kwa hiyo haiwezi kuwa hapa karibu. Kama ipo, iko ng'ambo ya mstari huu. Atakayekuja na kilo nyingi zaidi na ukimya zaidi ataanzia kwenye mstari huo, hatarudia.

Tantali ya vile vipande ilichimbwa wapi? Habari niliyoisoma haikusema, na mimi sitasema ilikuwa yetu. Ila naijua ya kwetu. Mwaka 2000 bei ya dunia ilipanda karibu mara kumi ndani ya miezi michache, na watu wa upande wetu, Mambasa, waliacha mashamba wakaingia msituni na chepe na sururu, mpaka ndani ya hifadhi ya okapi. Mwaka 2001 bei ikaanguka tena. Mjomba wangu, mdogo wa mama, alikuwa huko. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Alirudi mara moja, akamletea mama jiwe jeusi dogo, zito kuliko unavyolidhania, akasema liweke, siku moja litakuwa na bei. Akaenda tena. Mwisho wa 2002 vita vilifika Mambasa, watu wakatawanyika, na mjomba hakuonekana tena.

Mwaka 2019, tukiwa tayari huku Uganda, mama alijaza fomu kwenye shirika moja linalotafuta ndugu waliopotezana. Jibu lilichukua zaidi ya mwaka. Karatasi moja. Nilimsomea mwenyewe: tumeuliza Mambasa, tumeuliza Komanda, tumeuliza Bunia na Beni, hatujampata, faili linabaki wazi. Jirani mmoja aliyekuwepo akasema, "Pole mama, kumbe amekufa." Mama akamgeukia kwa ukali ambao siujui kwake. "Hawakusema hivyo. Soma tena, mwanangu. Wameuliza sehemu nne. Kongo iko na sehemu ngapi?"

Wakati ule niliona mama anajidanganya. Tangu nisome habari ya Homestake sioni hivyo tena. Alikuwa anaisoma ile karatasi kama inavyopaswa kusomwa, neno kwa neno, bila kuongeza. Ni jirani aliyeongeza. Na nakubali pia kwamba sehemu nne si sifuri. Bunia si mahali padogo. Kila mahali wanapouliza bila kumpata, mstari unasogea, na mama anajua unaelekea wapi. Nimemwona anavyokaa baada ya kuikunja.

Jiwe bado tunalo. Liko juu ya kabati la vyombo, na ile barua iko chini yake ili upepo usiichukue. Wiki iliyopita nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Tuseme jiwe ni gramu moja na robo yake ni tantali. Atomu zilizokwama zitakuwa mia moja za milioni za milioni za milioni zilizogawanywa kwa elfu moja, yaani 1 na sifuri 17. Zingekuwa zinavunjika kwa kasi yote ambayo kipimo cha Majorana kimeacha nafasi yake, basi ndani ya jiwe letu ni atomu moja kwa kila miaka minne. Huenda ni chache zaidi, huenda chache sana.

Nilimweleza mama. Alilichukua jiwe, akalipima mkononi, akalirudisha juu ya barua.

"Moja kwa miaka minne," akasema.

"Kwa wingi, mama. Haiwezi kuzidi hapo."

"Na usiku nani anaiangalia?"